Siku Nilipong'oa Mpaka wa Babu

Sisi tuliokulia Mwika kabla mabomba hayajapanda mlimani hatukuwahi kulala Jumamosi hadi jua litoke. Tungelalaje, na pale kwa Mama Balozi kulikuwa na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi? Ikigongwa, hata mbuzi waliofungwa ndani walijua leo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ng'aa, ng'aa, ng'aa! Umande bado umejaa kwenye majani ya migomba, ukipita unaoga mzima mzima. Unashika jembe lako lenye mpini uliokatwa kwa kipimo cha mtoto, unafunga kiporo cha kiburu, ndizi na maharage, kwenye jani la mgomba, unakimbia. Aliyechelewa alitungiwa wimbo, na wimbo huo uliimbwa njia nzima ya kwenda shule mpaka Jumamosi iliyofuata. Mimi ninao mmoja wangu, na sitauandika hapa.

Mama Balozi alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mwanamke mfupi mwenye khanga mbili kiunoni na sauti ya kuvuka korongo. Kabla ya kazi yoyote alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu: "Hapa kwenu mnaumwa wapi?" Hakumaanisha homa. Alitaka kujua kama njia imekatika, kama daraja la magogo limeoza, kama kuna bibi asiye na wa kumtekea maji. Na alituuliza hata sisi watoto, tena akiwa amechuchumaa ili macho yetu yawe sawa. Kwa watu wazima wengine mtoto alikuwa wa kutumwa chumvi. Kwa Mama Balozi mtoto alikuwa na maoni, na maoni yake yalifanyiwa kazi.

Siku hizi msaragambo una kundi la WhatsApp. Hapa Shirimatunda ninapoishi tangu niolewe, vijana wa mtaa wanatangaza kazi ianze saa moja. Saa mbili wanaulizana nani ana jembe, saa tatu wanapiga picha na jembe, saa nne mmoja analigusisha udongoni. Tena wana fulana za rangi moja! Sisi sare yetu ilikuwa matope.

Nawatania, lakini niseme ukweli, maana ukweli ndio ulionifanya niandike haya. Mwezi uliopita vijana hao walipita nyumba zote za mtaa wetu kuuliza nini kianze. Sisi wazee tulidhani watasema uwanja wa mpira. Wakarudi na jibu la mtaro, kwa sababu masika yakianza maji yote ya barabara ya juu yanashukia njia ya shule, na watoto wadogo wanavuka wakiwa wamebeba viatu kichwani. Kiongozi wao, kijana mmoja anaitwa Brayani, alikuja getini kwangu na simu mkononi, ndani yake kuna ramani. Mtaro ulitakiwa upite ukingoni mwa bustani yangu, penye masale niliyoyatoa Mwika na mlimao wangu mmoja. Nikamwambia, "Kwangu hapapiti kitu. Mpaka ni mpaka. Nendeni mkachimbe kwenu." Akasema, "Sawa Mama Glori, samahani," akaondoka na wenzake. Wiki mbili zikapita, hakuna aliyegusa udongo, na mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima.

Sasa hilo neno, mpaka ni mpaka, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana mimi, Manka, wa kulitamka neno hilo nilipaswa kuwa wa mwisho.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alifanya kazi tambarare, kwenye mashamba ya miwa, nami nililelewa na babu na bibi. Kihamba cha Babu Anaeli, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilipakana na kihamba cha mdogo wake, Babu Ndekirwa, na katikati ya vihamba hivyo ulikwenda mstari wa masale kutoka juu kwenye kahawa mpaka chini kwenye korongo. Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu, na kwetu una kazi mbili. Ya kwanza, ndio mpaka: pale isale liliposimama, shamba la mtu limeishia. Ya pili, ndio msamaha. Ukimkosea mtu, hata kosa zito namna gani, unachukua isale, unalipeleka kwake, naye hana ruhusa ya kulikataa.

Hao wazee wawili walipendana kwa namna ambayo leo ningeiita kero. Kila jioni ya Jumapili walikaa kwenye kigoda kimoja kirefu wakinywa mbege kwa kata moja, wakibishana kuhusu ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Na kila mara Babu Anaeli alimpiga mdogo wake begani akasema, "Mimi na huyu hatuna mpaka." Nilisikia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia sala ya Baba Yetu, na niliyaamini vilevile.

Mwaka huo Mama Balozi alipotuuliza tunaumwa wapi, sisi watoto tulijibu kwa sauti moja: maji. Mfongo mkubwa, ule mfereji wa wazee wetu unaoshusha maji kutoka msituni, uliishia kwa jirani zetu wa juu. Nyumba za kwetu na za chini yetu tulitelemka korongoni kila alfajiri, ndoo kichwani, tukapanda tena huku maji yakitutiririkia mgongoni, halafu ndiyo twende shule. Ukiteleza, umevunja safari na umeloa, na bado mwalimu anakusubiri na fimbo. Mama Balozi akasikia, akazungumza na wakubwa, ikaamuliwa utolewe mfongo mdogo wa kutuletea maji. Ili asionewe mtu, upite palepale kwenye mstari wa masale, kati ya babu zangu wawili. Wakubwa wachimbe. Sisi watoto tupewe kazi yetu wenyewe, kupanda masale kwenye kingo za mfongo wa juu ili udongo usibomoke.

"Kila mtoto aje na masale," akasema Mama Balozi. "Atakayeleta mengi, Jumamosi ijayo atagonga rimu."

Kugonga rimu! Msomaji wa rika langu ananielewa. Watoto wa leo huwezi kuwaeleza. Wao kengele yao iko kwenye simu, na wakiisikia wanaizima. Sisi ile rimu tuliiota. Ijumaa mchana mvua ilinyesha, udongo ukawa laini kama ugali wa mgonjwa. Nikazunguka kwa jirani, nikapata masale manne, mafupi, yamejikunyata. Kisha nikayaona yale ya kwetu, yamesimama mstari mzima, marefu, manene, mazuri. Nilijua kabisa kwamba ni mpaka. Nani asiyejua? Lakini nikafikiri, Babu husema yeye na mdogo wake hawana mpaka. Sasa haya yanafanya nini hapa?

Nikayang'oa yote. Yalikuwa thelathini na moja, nayakumbuka kwa sababu niliyahesabu kwa furaha.

Jumamosi tuliyapanda kwenye kingo tukiimba, na hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi, kwa kuwa masale yako kila mahali. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, ikafunga mashimo. Bibi akamwaga samadi juu yake. Jumamosi iliyofuata nikapanda kwenye gogo, nikaigonga ile rimu kwa nyundo mpaka masikio yangu yakaziba. Nilijiona mkuu wa wilaya. Wanaume wakaja na majembe na sururu, wanawake wakaja na togwa na sufuria la machalari ya ndizi, wakaelekea kwa Babu kuchimba mfongo. Walipofika, wakasimama.

"Masale yako wapi?" akauliza mmoja.

Babu Anaeli akatazama. Babu Ndekirwa naye akatazama. Kila mmoja alimgeukia mwenzake, na nikaona usoni mwao kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Kuhamisha isale kwetu si mzaha, ni kumwibia mtu ardhi na kuwaibia watoto wake pia. Babu Ndekirwa akasema mstari ulipita upande huu wa jiwe kubwa. Babu Anaeli akasema ulipita upande ule, na kwamba mgomba wa mchare uliopo pale aliupanda yeye kwa mkono wake. "Umeanza lini kunionea?" akauliza mdogo. "Tangu lini wewe umekuwa mwizi?" akajibu mkubwa. Neno hilo likishatoka halirudi. Majembe yakawekwa begani, watu wakaondoka mmoja mmoja, machalari yakabaki kwenye sufuria yakipoa. Nami nilikuwa nyuma ya kahawa, bado nimeshika nyundo.

Niliogopa. Sina neno lingine la kupamba. Kila siku nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikifika kigoda kile kirefu kilikuwa na mtu mmoja tu, akinywa mbege yake bila ladha, na mdomo wangu unafunga. Tukaendelea kutelemka korongoni na ndoo. Mtoto mmoja wa nyumba za chini akateleza, akavunjika mkono, akaja shule na bandeji, na watoto wote wakataka kuandika majina yao juu yake isipokuwa mimi. Nilimuuliza Bibi kwa nini asiwapatanishe. Bibi, akimenya ndizi, akanijibu, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune." Kisha akaendelea kumenya, lakini niliona machozi yake yakidondokea ndizi.

Na yale masale yangu, msomaji, yalikuwa yakichipua! Mmea mwingine ungekufa kwa aibu. Kila nilipopita kwenye mfongo wa juu niliyakuta yameongeza jani jipya, yananing'aria usoni. Wiki ya nne nilishindwa. Nikaenda kwa Mama Balozi, nikamkuta anaanika kahawa, nikasimama mbele yake nikalia kwanza. Akaniachia nilie. Kisha nikamwambia yote, pamoja na ile hoja yangu kwamba hawana mpaka.

Mama Balozi akakaa chini kwenye majamvi ya kahawa. Nikadhani ameishiwa nguvu kwa hasira. Kumbe alikuwa anacheka, anacheka mpaka khanga ya kichwani ikaanguka. Alipomaliza akajifuta macho, akasema, "Manka, wewe umefanya kosa la mtu anayewaamini wakubwa. Sasa twende tukalirekebishe." Akagonga rimu ilhali haikuwa Jumamosi. Watoto wote tukaja. Akatuambia tuyang'oe yale masale na mizizi yake, kila mtoto ashike moja au mawili, tupange mstari, mimi mbele. Wenzangu wakalalamika kwamba wao hawana kosa. "Sifa za kupanda mlizigawana," akasema, "na hili mtagawana."

Tukatelemka na njia, mstari mrefu wa watoto wenye matope magotini, kila mmoja na isale mikononi kama anabeba mtoto mchanga. Watu wakatoka majumbani. Babu Anaeli alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Mama Balozi akamtuma mtu kwenda kumwita Babu Ndekirwa, naye akaja amekunja uso, akasimama mbali. Nikapiga magoti kati yao. Sikujua nimpe nani kwanza, kwa hiyo nikanyoosha mikono yote miwili, isale moja huku na jingine kule.

"Shikamooni," nikasema. "Ni mimi niliyeyang'oa. Babu ulisema hamna mpaka."

Isale halikataliwi, hilo walilijua kuliko mimi, lakini mikono yao ilikuwa mizito. Babu Ndekirwa ndiye aliyesogea kwanza. Akalipokea, akalitazama, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Meku, mzee wangu," akamwambia kaka yake, "huyu mtoto alituamini kuliko tulivyojiamini wenyewe." Babu Anaeli akalipokea la kwake kwa mikono miwili. Hakucheka. Alimshika mdogo wake begani, palepale alipozoea kumpiga, akaacha mkono wake pale muda mrefu.

Likabaki swali la mpaka upite wapi. Wazee wakatazamana, kila mmoja anaogopa kulitaja jiwe. Mama Balozi akasema, "Watoto wayapande. Wao ndio waliotaka maji." Basi tukapanda, tukaanzia juu kwenye kahawa tukishuka chini, na tungepanda sawasawa kama si lile jiwe kubwa. Tulijaribu kulikwepa, wa mbele akaenda kushoto, wote tukamfuata, na tulipogeuka kuangalia kazi yetu mstari ulikuwa umejikunja kama mkia wa mbuzi, na ule mgomba wa mchare wa Babu Anaeli umebaki kwa mdogo wake. Babu akautazama mgomba, akautazama mstari, akasema, "Acheni hivyohivyo. Chimbeni."

Mfongo ukachimbwa kwa kufuata kona yetu. Siku maji yalipofika tulikimbia pembeni yake toka juu mpaka chini, tukishindana na povu la kwanza lililobeba majani makavu na panzi mmoja aliyeshangaa. Mama wa yule mtoto aliyevunjika mkono alichota kwa kikombe, akanywa, akasema "Aika, Ruwa," yaani asante Mungu, akakaa chini. Na Babu Anaeli, kila asubuhi mpaka anazeeka, alipopita pale alisimama, akauangalia mgomba wake ng'ambo ya maji, akausalimia kama jirani aliyehama. Sisi tulicheka sana. Tulidhani anafanya mzaha tu.

Haya ndiyo yaliyonikaa kooni zile wiki mbili. Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, nikakata isale kwenye ule mstari wa bustanini kwangu, uzao wa yaleyale thelathini na moja, nikajifunga khanga, nikaenda pale vijana wanapokutana. Nilidhani nitawangoja. Walikuwepo wote! Hawana kazi, hawana mtaro, lakini walikuwa wanafukia mashimo ya njia ya shule kwa kokoto, kwa ndoo, na fulana zao zimejaa matope. Nikaona aibu kwa utani wote niliowafanyia.

Nikamnyooshea Brayani lile isale. Akalitazama, akatabasamu kwa adabu. "Asante mama. Hili ni la kupanda wapi?"

Moyo ukaniuma kidogo. Nimetoka nyumbani na neno zito kuliko yote tuliyoachiwa na wazee wetu, na kijana anadhani nimemletea ua. Ndipo binti mmoja, Neema, aliyelelewa na bibi yake kule Masama, akadondosha ndoo. "We Brayani, pokea kwa mikono miwili! Mama Glori anaomba msamaha. Hilo halikataliwi."

Kijana akaganda. "Mama aniombe msamaha mimi?"

"Wewe," nikasema. "Niliwajibu vibaya."

Akapokea kwa mikono miwili, simu ikiwa imebanwa kwapani. Macho yake yalilowa, akajifanya ni vumbi, palipo na matope matupu. Kisha akauliza mtaro upite wapi. Nikamwambia waweke kamba wenyewe. Wakaiweka, wakaipima kwa lile dude la kwenye simu, ikanyooka kama rula, hakuna kona hata moja, na mlimao wangu ukabaki ng'ambo, upande wa barabara. Brayani akaniangalia. Nikautazama mlimao. "Acheni hivyohivyo," nikasema. "Chimbeni."

Enzi zetu mtoto ndiye aliyepiga magoti mbele ya wazee akiwa na isale, na kijiji kizima kilijua maana yake. Leo mzee analipeleka kwa vijana, na katika ishirini anaelewa mmoja. Kigoda kile kirefu kimeliwa na mchwa. Babu zangu wamelala kila mmoja kwenye kihamba chake, na kati yao maji bado yanapinda pale kwenye jiwe, ingawa wanaopita wanafikiri ni jiwe ndilo lililoyapindisha. Mtaro wetu wa Shirimatunda ulikwisha Jumatano, mvua ikanyesha Alhamisi, na Ijumaa watoto walipita na viatu miguuni, wakichuma limao bila kuomba ruhusa.

Leo asubuhi nilipotoka nilijikuta nimesimama ukingoni mwa mtaro. "Umeamkaje?" nikauambia mlimao. Brayani, aliyekuwa mle ndani akitoa takataka, akainuka haraka akavua kofia. "Shikamoo mama, nimeamka salama." Sikumsahihisha. Ndipo nilipojua kwamba Babu hakuwa anafanya mzaha.